Uzi maalumu: Watu wazima bila watoto Walt Disney World, tupange saa kabla ya kupanga vivutio

Mleta uzi

Wakuu, uzi huu ni kwa ajili ya watu wazima wanaokwenda Walt Disney World, kule Florida, bila mtoto hata mmoja: wanandoa, ndugu, marafiki, au mtu aliyeamua kusafiri peke yake. Miongozo mingi ya safari hiyo imeandikwa kwa ajili ya wazazi, na mtu mzima anayeifuata bila kuichuja hujikuta akiishi kwa ratiba ya mtoto ambaye hakuja naye. Hoja yangu ni kwamba faida kubwa ya mtu mzima pale si rola kosta za kutisha wala vinywaji, bali ni uhuru wa saa. Anaweza kufika kabla jua halijakolea, akaondoka watu wanapoanza kusongamana, akalala mchana, kisha akarudi jioni na kubaki hadi milango inapofungwa. Asiyeutumia uhuru huo hulipa fedha nyingi ili asimame juani.

Tuanze na ukubwa wa mahali penyewe, kwa sababu ndiko mipango mingi inakoharibikia. Eneo lote lina takriban kilomita za mraba 100, na ndani yake kuna bustani 4 za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, EPCOT ya mwaka 1982, Disney's Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Disney's Animal Kingdom ya mwaka 1998. Kuna pia bustani 2 za maji, hoteli nyingi za viwango tofauti, na Disney Springs, ambao ni mtaa wa maduka na migahawa usiodai tiketi ya kuingilia. Kutoka bustani moja hadi nyingine ni safari ya basi, boti, treni ya reli moja au Skyliner, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya vilivyoanza kazi mwaka 2019. Anayesema kwamba atazimaliza zote kwa siku mbili bado hajaitazama ramani.

Sasa nije kwenye saa. Wageni waliolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia katika bustani yoyote kati ya hizo nne dakika 30 kabla ya wengine, kila siku. Dakika hizo zinaonekana chache, lakini ukiwa tayari umesimama mlangoni kabla hazijaanza, unaweza kupanda kivutio kimoja au viwili ambavyo saa nne baadaye vitakuwa na foleni ya kukatisha tamaa. Familia zenye watoto wadogo hushindwa kuzitumia kwa sababu zinazoeleweka, na hapo ndipo nafasi yenu ilipo. Upande wa pili wa siku uko vivyo hivyo: baada ya fataki za usiku, wazazi hubeba watoto waliosinzia na kuelekea kwenye mabasi, na aliyejiunga na foleni kabla ya muda rasmi wa kufunga kwa kawaida huruhusiwa kupanda hata kama saa imepita. Wageni wa hoteli za daraja la juu kabisa huongezewa saa za usiku katika baadhi ya siku, na binafsi naziona saa hizo kuwa na thamani kuliko bwawa la kuogelea la hoteli yenyewe.

Katikati, yaani tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, foleni huwa ndefu zaidi na joto huwa kali zaidi. Majira ya kiangazi huongeza jambo jingine: mvua za radi za alasiri, ambazo hunyesha karibu kila siku na kusimamisha vivutio vya nje kama Expedition Everest, Slinky Dog Dash na Seven Dwarfs Mine Train hadi hatari ya radi ipite. Kwa hiyo vivutio vya nje vipangwe asubuhi, na alasiri iachwe kwa chakula kirefu, usingizi au bwawa.

Kuhusu mambo ya kuweka mapema, nashauri yawe machache lakini yafanywe kwa wakati wake. Tiketi za kawaida huuzwa kwa tarehe na bei hubadilika kulingana na siku. Tangu Januari 2024, mwenye tiketi ya tarehe maalumu hahitaji tena kuweka nafasi ya bustani kando, sharti lililowasumbua wengi baada ya janga la korona. Meza za migahawa hufunguliwa siku 60 kabla, na mgeni wa hoteli ya Disney anaweza siku hiyo kuweka nafasi za hadi siku 10 za ukaazi wake, jambo linalompa nafasi bora ya kupata meza za siku za mwisho wa safari. Lightning Lane, yaani foleni ya kulipia iliyochukua sura yake ya sasa Julai 2024, hufunguliwa siku 7 kabla kwa wageni wa hoteli hizo na siku 3 kabla kwa wengine. Mimi huiona kuwa na maana Magic Kingdom na Hollywood Studios katika siku zenye watu wengi; Animal Kingdom na EPCOT, mtu mzima anayeamka mapema anaweza kuikosa bila majuto.

Hapo EPCOT ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu naamini ndiyo bustani ya watu wazima hata kama haikutangazwa hivyo. Nusu yake ya nyuma, World Showcase, ni ziwa lililozungukwa na mabanda ya nchi 11: Meksiko, Norwei, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Mzunguko wake unakaribia kilomita 2, na sehemu hiyo kwa kawaida hufunguliwa saa tano asubuhi, baada ya sehemu ya mbele kuwa tayari imeamka. Mtu akienda pale kutafuta vivutio vya kupanda atasema hakuna kitu, kwa sababu mabanda mengi hayana kivutio cha aina hiyo. Akienda kutembea taratibu, kutazama usanifu wa majengo, kusikiliza wanamuziki, na kula sahani ndogo ndogo kutoka banda hadi banda, atashangaa jioni imeingia. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa kuna tamasha fulani: la sanaa mwanzoni mwa mwaka, la maua na bustani majira ya kuchipua, la chakula na divai kuanzia mwishoni mwa kiangazi, kisha la sikukuu za Desemba. Wakati wa tamasha nendeni siku ya kazi, kwa kuwa mwishoni mwa juma wakazi wa maeneo ya karibu hujaa pale jioni. Ule mchezo wa kunywa kinywaji kimoja katika kila nchi siupendekezi kwa mtu aliyelipia tiketi ya siku nzima; kwenye nchi ya sita huwa hakumbuki tena alichokuja kuona. Umri halali wa kunywa pombe Florida ni miaka 21, na mgeni abebe pasipoti, kwa sababu mvi hazikubaliki kama kitambulisho.

EPCOT ina pia mlango wa nyuma, International Gateway, uliopo kati ya Ufaransa na Uingereza. Hoteli za BoardWalk, Yacht Club na Beach Club ziko umbali wa kutembea kutoka mlango huo, na ipo njia ya miguu kutoka hapo hadi Hollywood Studios. Kama bajeti inaruhusu anasa moja tu, mimi ningeiweka kwenye eneo hilo, kwa sababu mtu anayeweza kurudi chumbani kwa miguu mchana ndiye anayeweza kuishi ratiba niliyoieleza.

Karibuni tujadili.

Jioni Njema

Mkuu, nakubaliana na asubuhi yako na usiku wako, ila mchana wako naupinga. Ushauri wa kurudi hotelini unamfaa mtu aliyelala karibu na mlango wa nyuma wa EPCOT. Aliyelala katika hoteli inayotegemea basi atangoja kituoni, atasafiri, atapanda chumbani, na kabla usingizi haujamkolea atatakiwa kuanza safari ya kurudi. Ukijumlisha kwenda na kurudi, mchana wote umeishia barabarani.

Mimi hubaki ndani ya bustani na kuyatafuta yale maonyesho marefu yenye viyoyozi ambayo familia huyapita. Magic Kingdom kuna Carousel of Progress, ukumbi unaozunguka ulioonyeshwa kwanza katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964 na kuhamia Florida mwaka 1975. EPCOT kuna Living with the Land, safari ya boti inayopita katikati ya vibanda vya kilimo ambamo mboga na matunda hukuzwa kwa kweli, na katika banda la Marekani kuna onyesho la historia linalochukua takriban nusu saa. Mtu mzima anayakalia yote hayo kwa utulivu na hasumbuliwi na mtoto anayeuliza tutatoka lini.

Mleta uzi

Umenisahihisha kwa haki, Mkuu, na narekebisha kauli yangu: anayelala mbali na milango abaki ndani, lakini abaki kwa mpango kama ulivyoueleza, asibaki kwa kuzurura kutoka foleni moja ya dakika 90 hadi nyingine. Ningeongeza mlo wa mchana wa mezani, uliowekwa kuanzia saa saba na nusu hivi, wakati wengi wameshakula na nje jua linachoma.

Kiti cha Nyuma

Ndugu mleta uzi, asante kwa maelezo. Mimi na mwenzangu tunasafiri pamoja, lakini yeye hapandi kitu chochote kinachokwenda kasi au kushuka ghafla, nami ndivyo ninavyovipenda. Je, kuna namna ya kupanga safari ambayo haitamfanya mmoja wetu awe mtunza mifuko ya mwenzake?

Mleta uzi

Ipo, na pengine ndilo swali muhimu kuliko yote kwa watu wazima, kwa sababu wengi hulijadili wakiwa tayari wameshafika na wameshachoka. Shida huanza pale watu wawili wanapoamini kwamba kupumzika pamoja ni kuwa mahali pamoja kila dakika. Tumieni saa ya kwanza ya asubuhi kutengana: wewe uende Expedition Everest, ambako ipo foleni ya wapandaji wasio na kundi inayojaza viti vilivyobaki wazi na mara nyingi kwenda haraka zaidi, naye aende Kilimanjaro Safaris, ambako wanyama huwa na mwendo zaidi kabla ya joto kupanda. Kisha mkutane kwa chai mkiwa kila mmoja ameridhika.

Mwenzako pia asidhani kwamba vivutio vyote ni vya aina moja. Mission: SPACE pale EPCOT ina matoleo mawili, la rangi ya chungwa ambalo huzungushwa kwa nguvu na la kijani ambalo halizungushwi. Maduka na maonyesho ya jukwaani yaacheni kwanza. Mwulize kama angependa ziara ya Keys to the Kingdom, ambayo huchukua nusu siku kwa miguu na haipokei mtu wa chini ya miaka 16. Humo huonyeshwa njia za wafanyakazi zilizoko chini ya Magic Kingdom. Njia hizo zilijengwa karibu na usawa wa ardhi kwa sababu maji ya Florida hayako mbali chini ya udongo, kisha bustani ikajengwa juu yake, kwa hiyo barabara ambayo wageni huitembea kwa kweli ni ghorofa ya pili. Kwa mtu anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi, ziara hiyo inazidi rola kosta yoyote. Anayependa kuyaona mambo hayo kama miujiza tu asiende, maana atatoka akiona mitambo kila mahali.

Mzee wa Hesabu

Wakuu, mmezungumza vizuri kuhusu saa, nami niseme kuhusu fedha. Kwanza, kwenye tiketi "mtu mzima" ni yeyote mwenye miaka 10 na kuendelea, kwa hiyo kundi la watu wazima halina punguzo la umri. Tiketi ya siku moja huanzia dola 119 katika siku za bei ya chini na hukaribia au kuvuka dola 200 katika siku za sikukuu. Kadiri siku zinavyoongezeka kwenye tiketi moja, bei ya kila siku hushuka, na siku ya tano huongeza gharama kidogo sana ukilinganisha na siku ya kwanza.

Pili, bei mnayoiona dukani au kwenye menyu haijajumuisha kodi ya mauzo, ambayo katika wilaya ya Orange ni asilimia 6.5, na mezani bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni jambo linalotarajiwa. Chumba cha hoteli nacho hubeba kodi inayozidi asilimia 12. Wanaopanga bajeti kwa bei zilizoandikwa hushtuka kila jioni. Kwa upande wa nafuu, maji baridi katika kikombe hutolewa bure kwenye migahawa ya huduma ya haraka, na mgeni anaruhusiwa kuingia na chakula chake, mradi hakuna pombe wala vyombo vya kioo.

Tatu, Park Hopper, ile tiketi ya kuhama bustani ndani ya siku moja, mimi huiona kuwa ni mzigo kwa familia lakini ni ya thamani kwa watu wazima wanaoishi ratiba ya mleta uzi: asubuhi Animal Kingdom, ambayo mara nyingi hufungwa mapema kuliko nyingine, na jioni EPCOT kwa chakula.

Msafiri Pekee

Nakwenda peke yangu, na kila ninayemwambia hunitazama kwa huruma. Swali langu ni kuhusu jioni, kwa kuwa mchana sina wasiwasi nao. Je, mtu anakaaje mgahawani peke yake mahali palipojaa familia?

Mleta uzi

Kaa kaunta, Mkuu. Migahawa mingi ya mezani ina kaunta ya baa inayotoa menyu ileile, na kiti kimoja hupatikana hata pale ambapo meza zimejaa. Jiko, mgahawa wa Animal Kingdom Lodge unaojulikana kwa orodha yake ndefu ya divai za Afrika Kusini, ni mfano mzuri, na ukifika kabla ya giza unaweza kwanza kuwatazama twiga na pundamilia kwenye mbuga za hoteli hiyo hata kama hukulala hapo. Kasoro ya hoteli hiyo ni kwamba iko mbali na hufikika kwa barabara tu. Nitasema pia kwamba msomaji wa Kiswahili atakayepita kijiji cha Harambe katika Animal Kingdom atasoma mabango ya ukutani ambayo wageni wengine huyapita kama mapambo, na hilo peke yake linastahili nusu saa.

Anayetaka jioni rasmi kabisa, na yuko tayari kulipa, Victoria & Albert's ndani ya hoteli ya Grand Floridian haipokei watoto wa chini ya miaka 10, ina masharti ya mavazi, na ilipata nyota ya Michelin mwaka 2024. Tofauti na kaunta, hapo msitegemee bahati; wekeni nafasi mapema.

Mpenda Kasi

Mbona hakuna anayeitaja Universal Orlando? Kwa watu wazima wanaopenda kasi, naona Disney ni ya pili. Islands of Adventure ina VelociCoaster ya mwaka 2021, na tangu tarehe 22 Mei 2025 kuna bustani mpya nzima, Epic Universe. Zaidi ya hayo, Halloween Horror Nights ya majira ya vuli ni burudani ya usiku isiyokusudiwa watoto kabisa.

Mleta uzi

Sikupingi, ila tusizichanganye. Ni kampuni nyingine, tiketi nyingine, na Epic Universe iko mbali kidogo hata na bustani zenzake za Universal. Mwenye juma zima atenge siku mbili mwishoni na ahamie hoteli za upande huo. Hoteli tatu za daraja la juu, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, humpa mgeni pasi ya kuruka foleni katika bustani mbili za zamani bila malipo ya ziada, lakini pasi hiyo haihusu Epic Universe.

Kwa kuwa umetaja vuli, niongeze jambo kuhusu Magic Kingdom. Katika usiku wa sherehe za Halloween na za Krismasi, ambazo zina tiketi yake, wasio na tiketi hiyo hutakiwa kuondoka saa kumi na mbili jioni. Wengi hukwepa siku hizo kwa kuwa watakosa fataki, na matokeo yake mchana huwa na nafasi. Mtu mzima mwenye mpango wa kula EPCOT jioni anapoteza nini? Sherehe ya Halloween ndiyo pia nafasi ya mtu mzima kuvaa mavazi ya wahusika, kwa sababu siku za kawaida waliofikisha miaka 14 hawaruhusiwi kuingia nayo.

Kiti cha Nyuma

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tunafika mchana wa siku ya kwanza na tungependa kuingia bustani siku 4. Je, zifuatane?

Mleta uzi

Zisifuatane. Tiketi ya siku 4 hutumika ndani ya kipindi cha siku 7, kwa hiyo hamlazimiki kuzibana. Siku ya kufika msiingie bustani yoyote; pandeni treni ya reli moja au boti, mle Disney Springs au BoardWalk, au mtazame fataki za Magic Kingdom kutoka ufukwe wa hoteli ya Polynesian, ambako mgeni hahitaji tiketi. Kisha bustani siku mbili, mapumziko siku moja nzima bila kuweka saa ya kuamka, na bustani siku mbili za mwisho. Hiyo siku ya mapumziko isiwe Jumamosi wala Jumapili, kwa kuwa mabwawa ya hoteli hujaa. Viatu muvivae nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu mtatembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku, na kiatu kipya hakijali kama tiketi yako ilikuwa ya bei gani.